Tarantula Mwenye Manyoya Mengi: Yupi wa Kufuga?

Mtu mwenye tarantula kadhaa nyumbani akisema kwamba safari hii anamtafuta yule mwenye manyoya kuliko wote, wafugaji wakongwe huguna. Watamwambia atazame kwanza tabia, au ukubwa, au sumu. Mimi naliona ombi lake kuwa la haki kabisa. Buibui hawa wanafugwa ili watazamwe. Hawaitiki wakiitwa, hawamjui anayewalisha, na siku nyingi hukaa mahali pamoja tangu alfajiri hadi usiku. Ikiwa faida yote ni ya macho, basi macho yana haki ya kuchagua. Ila manyoya ya tarantula yana kazi, na kwa spishi nyingi za Amerika kazi hiyo ni kujihami. Asiyelijua hilo atanunua mnyama aliyejaa manyoya, na baada ya miezi michache atajikuta anatazama kipara.

Familia yao, Theraphosidae, ina spishi zaidi ya 1,000, na wote wana manyoya. Wanatofautiana kwa urefu wa manyoya hayo, wingi wake na mahali yalipoota. Tarantula ana macho manane lakini haoni vizuri. Dunia yake anaijua kwa miguu. Juu ya miguu hiyo kuna nywele nyembamba mno zilizosimama kwenye vishimo vyake, na mende akipita karibu, hewa anayoisukuma inatosha kuzitikisa. Nyayo nazo zina nywele fupi zilizosongamana, ambazo ndizo zinazowawezesha wale wa mitini kupanda kioo bila kuteleza. Kisha kuna nywele ndefu zinazochomoza juu ya nyingine zote, na hizo ndizo anazozitafuta mnunuzi wetu. Mwisho kabisa, kwa spishi nyingi za Amerika, juu ya tumbo kuna eneo la nywele fupi ambazo kwa kuzitazama tu huwezi kuzishuku. Hizo ndizo za kuwasha.

Aliyewahi kupita kwenye upupu mikono mitupu ataelewa upesi zinavyofanya kazi. Tarantula wa Amerika akisumbuliwa mara nyingi hakukabili, hukupa mgongo. Huinua mguu wa nyuma na kuukwangua juu ya tumbo lake haraka haraka, kisha mguu wa pili, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Kwa mwanga wa kawaida wa chumbani huoni kitu. Ukimulika tochi kutoka pembeni ndipo unapoliona vumbi linaelea juu ya boksi, linapanda taratibu kuelekea uso wa aliyeinama kuchungulia. Kila chembe ya vumbi hilo ni unywele wenye miba midogo mno, na ukishashika kwenye ngozi, kujikuna kunauzamisha zaidi. Wafugaji wenye uzoefu hubandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua, kisha huosha mahali hapo kwa maji mengi.

Mwaka 1972 watafiti watatu, Cooke, Roth na Miller, walichapisha kupitia American Museum of Natural History uchambuzi uliozigawa nywele hizi katika aina nne. Leo zinatambuliwa aina saba. Ya saba iligunduliwa kwa tarantula wa Kolombia aliyeelezwa kisayansi mwaka 2016 na kuitwa Kankuamo marquezi, kwa heshima ya mwandishi Gabriel García Márquez. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mfugaji. Aina ya kwanza, walio nayo jamaa wengi wa Meksiko na Amerika ya Kati, haizami sana kwenye ngozi. Aina ya tatu inaweza kuzama hadi milimita 2, na wafugaji waliomtunza Theraphosa blondi, yule jitu wa misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini, husimulia muwasho wa siku nyingi. Aina ya pili, ya Avicularia na wenzake wa mitini, kwa kawaida hairushwi hewani; mnyama husukuma tumbo lake likuguse. Wa jenasi ya Ephebopus zao ziko mbele, kwenye vipapasio.

Kwenye ngozi muwasho ni kero ya kupita. Jichoni ni habari nyingine. Jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha mwaka 2010 kisa cha kijana wa miaka 29 aliyetibiwa mjini Leeds, Uingereza, kwa jicho lililokuwa jekundu, lenye machozi na lisilostahimili mwanga. Dawa za kawaida za maambukizi hazikumsaidia. Madaktari walipotazama kwa kipimo chenye nguvu zaidi waliona vitu vyembamba kama nyuzi vimejichomeka kwenye konea. Kijana akakumbuka kwamba wiki tatu kabla alikuwa akisugua doa kwenye kioo cha boksi la tarantula wake wa Chile, akahisi mwendo nyuma ya mkono wake, akageuka, na mnyama akamrushia nywele usoni. Nywele zile zilikuwa ndogo mno hata kwa koleo nyembamba kabisa ya upasuaji wa macho. Alipewa dawa ya matone ya kutuliza uvimbe. Mnyama yule ni wa kundi linalouzwa kila siku kama mpole wa kuanzia, na kwa kweli ni mpole. Upole haukumzuia kujihami. Miwani ya kujikinga wakati wa kusafisha boksi inagharimu kidogo sana ukilinganisha na jicho.

Narudi kwenye kipara. Nywele zilizorushwa haziwezi kuota tena mpaka mnyama ajivue gamba lote. Mtoto hujivua mara kadhaa kwa mwaka, lakini jike mzima anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kujivua. Akitishwa Januari, ataonyesha kipara chake hadi sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mwenye kutafuta manyoya ana mambo mawili ya kupima ambayo picha za muuzaji hazionyeshi. La kwanza ni woga: mnyama anayekwangua tumbo kila kifuniko kinapofunguliwa hataonekana na manyoya yake hata siku moja. La pili ni mahali. Manyoya marefu ya miguuni hayarushwi. Spishi yenye uzuri wake miguuni inaubakiza hata ikiwa na hasira. Spishi yenye uzuri wake juu ya tumbo iko katika hatari ya kuupoteza kila siku. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, orodha ndefu inapungua sana, na kwa maoni yangu anabaki mmoja aliye mbele ya wote.

Huyo ni Tliltocatl albopilosus, wa Nikaragua na Kosta Rika. Mwili wake ni wa kahawia iliyokolea kuelekea weusi, na juu yake, hasa kwenye miguu ya nyuma, zimeota nywele ndefu za rangi ya asali mbichi zilizojisokota. Hazilali kufuata mguu kama za wengine. Zinapinda, zinazungukana, nyingine zinarudi zilikotoka. Akiwa ametulia pembeni mwa shimo lake, mwanga ukimpiga kwa nyuma, mipaka ya miguu yake haionekani vizuri, na mtu asiyemjua anaweza kudhani amefunikwa na ukungu wa mkate uliooza. Baada ya kujivua gamba huwa katika ubora wake: weusi umerudi, nywele ni safi, na kila ncha inashika mwanga. Jike mzima hufikia upana wa sentimita 13 hadi 15 ukipima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Tabia yake ndiyo inayomtenga na wapinzani. Ana nywele za kuwasha, lakini si mwepesi wa kuzitumia. Hula bila kuchagua, huchimba kidogo akitaka, huvumilia mfugaji aliyechelewa kumwagilia udongo, na mara nyingi hukaa nje ya maficho yake ambapo mtu anaweza kumwona. Vumbi la makumbi ya nazi, ambalo huko Ulaya na Marekani huuzwa kwa matofali yaliyoshindiliwa, linamtosha kama udongo; bakuli la maji, gome la kujificha chini yake, nyenje au mende mara moja kwa wiki, na joto la kawaida la chumba. Sioni mwingine anayetoa manyoya mengi kiasi hiki kwa masharti machache kama haya.

Lakini hapa pana mtego, nao ndio unaowaangusha wanunuzi wengi. Jina lake linauza wanyama wa namna mbili. Kwa miaka mingi soko la Ulaya na Marekani limejaa tarantula wanaoitwa wa Hondurasi, ambao nywele zao zimejisokota kidogo tu na miguu yao inaonekana wazi. Wafugaji wengi wanashuku kwamba damu yao imechanganyika na jamaa yake wa karibu, Tliltocatl vagans, kwa kuzalishwa ovyo vizazi kwa vizazi. Wale wenye asili ya Nikaragua ndio wenye msokoto mzito nilioueleza. Tatizo ni kwamba mtoto wa sentimita mbili hana nywele za kuonyesha. Wa Nikaragua na wa Hondurasi katika umri huo ni vibuibui viwili vya kahawia vinavyofanana. Mnunuzi analipia neno la muuzaji. Kwa hiyo picha za baba na mama, pamoja na maelezo ya ukoo wao ulikotoka, ni sehemu ya bidhaa, na asiyekuwa nazo anauza kitu kingine.

Mtaalamu Carlos Valerio wa Kosta Rika ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1980, akimweka katika jenasi ya Brachypelma. Mwaka 2020 Jorge Mendoza na Oscar Francke wa Meksiko waliigawa jenasi hiyo, na huyu akahamishiwa Tliltocatl. Mabadiliko hayo ya jina yasimfanye mtu adhani kwamba sheria imelegea. Jenasi nzima ya Brachypelma iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1995, baada ya Brachypelma smithi kutangulia mwaka 1985, na waliohamishiwa jenasi mpya hawakuachwa nje. Kumvusha mpaka kunahitaji kibali, hata kama alizaliwa kwenye boksi la plastiki mjini Berlin.

Wapinzani wake wakubwa wanatoka Brazili, katika jenasi ya Nhandu. Kwa manyoya peke yake wanaweza kumshinda. Nhandu coloratovillosus ana miguu myeusi yenye mistari myeupe, na tumbo lililojaa nywele ndefu nyekundu zilizosimama kila upande. Nhandu tripepii ni mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu mwili mzima. Ukiwaona wamejivua jana utasahau wengine wote. Ila hawa ni wepesi wa kutishika, nywele zao zinawasha kweli, na sehemu kubwa ya uzuri wao iko juu ya tumbo, pale pale wanapokwangua. Mfugaji mwenye subira, anayefungua boksi taratibu na kwa nadra, atawafaidi. Mwenye kupenda kuonyesha wageni kila jioni asiwaguse.

Kuna wanaotaka wingi wa manyoya bila urefu, na kwao Grammostola pulchra wa kusini mwa Brazili na Uruguay hana mshindani. Ni mweusi kuanzia chonge hadi kucha za miguu, mnene, mpole sana, na nywele zake fupi zimesongamana hivi kwamba anaonekana kama amevalishwa mahameli. Hukua polepole mno, na hilo linapandisha bei ya wakubwa. Theraphosa blondi nimeshamtaja. Ukubwa wake unavutia, manyoya yake kwa kweli hayana ajabu, na nywele zake za kuwasha ni mbaya mno; kwa kigezo tunachozungumzia hapa sioni sababu ya kumchagua.

Kwa anayependa rangi pamoja na manyoya, kisiwa cha Martinique kina Caribena versicolor. Mtoto wake huzaliwa wa buluu iliyokolea, na kadiri anavyojivua gamba hubadilika: mgongo unakuwa wa kijani chenye kung'aa, tumbo linaingia wekundu, na miguuni zinachomoza nywele ndefu za zambarau na waridi. Hakuna tarantula mwingine ninayemwona kuwa mzuri zaidi. Uzuri wake uko miguuni, kwa hiyo unadumu. Lakini ni wa mitini, na wengi wamekufa mikononi mwa wafugaji waliosoma kwamba wanatoka kisiwa chenye unyevu, wakafunga boksi na kulowesha kila kitu. Anachohitaji ni hewa inayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na maji ya kunywa. Boksi lenye ukungu kwenye kuta ni kaburi lake. Tena maisha yake ni mafupi kuliko ya wale wa ardhini.

Tarantula wa Afrika na Asia hawana nywele za kuwasha hata mmoja. Mtu anaweza kufikiri basi hawa ndio salama, kwa kuwa manyoya yao ni pambo tupu. Ni kinyume chake. Asiye na nywele za kurusha hutegemea mbio na chonge. Stromatopelma calceatum wa Afrika Magharibi ana miguu iliyochanua nywele ndefu za rangi ya mchanga, na kwa kutazama picha yake mnunuzi wetu angemkimbilia. Ni mwepesi kama umeme, hana onyo refu, na sumu yake huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli kunakoweza kudumu siku kadhaa. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula, lakini hilo halitoshi kuwa sababu ya kumweka nyumbani penye watoto.

Afrika Mashariki nayo imo katika biashara hii kuliko wengi wetu tunavyojua. Pterinochilus murinus, anayepatikana kuanzia Angola hadi Kenya na kusini zaidi, anatafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani hasa katika umbo lake la rangi ya chungwa, ambalo wao hulitaja kwa jina la Usambara. Watu waliokaa na tarantula miaka mingi wanaijua milima yetu kwa buibui tu. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania huchimba shimo refu katika udongo mgumu wa nyika, ana miguu ya nyuma minene isiyo ya kawaida, na akikasirishwa husugua viungo vyake na kutoa mlio wa kufoka. Manyoya yake ni mafupi, ya rangi ya kutu. Hukua polepole sana, na hapo ndipo moyo wangu unapouma: jike mzima aliyefukuliwa shimoni na kuwekwa kwenye kikopo cha plastiki amechukua miaka mingi kufika ukubwa ule, na pale alipotolewa hakuna wa kuziba pengo lake mwaka ujao.

Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kenya nayo ilionyesha Mei 2025 kwamba hata wadudu wanahesabiwa, pale mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukutwa na chungu wavunaji wakubwa na chungu wengine kwa maelfu waliokusudiwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Kuna waliocheka kwamba mtu anahukumiwa kwa sababu ya chungu. Mimi niliona ni hukumu iliyochelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Communications Biology ulikuta zaidi ya spishi 1,200 za buibui, nge na jamaa zao zikiuzwa, ikiwemo karibu nusu ya tarantula wote wanaojulikana, na wachache tu kati yao ndio wanaofuatiliwa na mkataba wowote. Brazili ilikwisha kataza biashara ya wanyamapori wake kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa hiyo Nhandu au Grammostola pulchra anayeuzwa kama ametoka porini Brazili ama ameibwa ama muuzaji anadanganya.

Manyoya yenyewe yanaweza kumsaidia mnunuzi kutambua. Mzima aliyetolewa porini mara nyingi hufika akiwa na kipara kikubwa cha tumbo, kwa sababu ameshikwa, amefungwa, amesafirishwa na kufunguliwa mara nyingi, na kila mara amejihami. Anaweza pia kuwa na mguu uliokatika au kovu. Aliyezaliwa kwenye ufugaji kwa kawaida ni mzima wa miguu yote minane na tumbo lake limefunikwa. Ila kipara peke yake si ushahidi kamili: mnyama anayekaribia kujivua gamba naye huonyesha ngozi ya tumbo iliyogeuka nyeusi inayong'aa, na huyo hana tatizo lolote. Muuzaji anayemjua mnyama wake atakwambia alijivua lini mara ya mwisho.

Jinsia nayo isiachwe nyuma. Dume wa albopilosus akishapevuka huwa amebakiwa na mwaka mmoja au zaidi kidogo, ilhali dada yake ana miongo mbele yake. Kwa mtoto mdogo haiwezekani kujua kwa macho. Kwa mnyama aliyekua kidogo, gamba alilovua hulowekwa, likanyooshwa na kutazamwa kwa ndani chini ya hadubini. Jike huonyesha vifuko vya kuhifadhi mbegu. Wafugaji makini huyahifadhi magamba hayo na kuyaonyesha bila kuombwa. Mwenye haraka ya kuona manyoya anunue jike aliyefikia sentimita 7 au 8, umri ambao msokoto umeshaanza kuonekana na ubishi kuhusu Nikaragua au Hondurasi unaweza kumalizwa kwa kutazama tu. Atalipa zaidi kuliko kwa mtoto. Mwenye bajeti ndogo anunue watoto watatu au wanne wa ukoo mmoja unaojulikana, awalee, kisha madume watakaojitokeza awapeleke kwa mfugaji mwingine mwenye majike wa ukoo ule ule wa Nikaragua, ili kizazi kinachofuata kisichanganywe tena.